Namna ya Kupima Filamu ya Historia: Mfano wa Lawrence of Arabia

Anayetaka kupima ubora wa filamu kubwa ya historia asianze kwa kuhesabu ngamia. Ukubwa hununuliwa kwa fedha. Ustadi huonekana pale ukubwa huo unapofanya kazi ambayo maneno yangeshindwa. Katika Lawrence of Arabia, aliyoiongoza David Lean mwaka 1962, tukio la kisimani linatosha kuwa shahidi. Lawrence, ofisa wa Kiingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza, amesimama na kiongozi wake wa njia, Tafas, kunywa maji. Mbali kabisa, ndani ya mazigazi, kinachomoza kidoa cheusi kinachotetemeka. Muziki umenyamaza. Kidoa kinakua polepole mno mpaka kinakuwa mpanda ngamia, na Tafas anapokimbilia bastola, risasi inamlaza chini. Mpiga picha Freddie Young alitumia lenzi ndefu ya milimita 482 kuyanasa mawimbi yale ya joto. Jangwa hapo si pambo. Linatuonyesha nchi ambayo mtu huonekana mapema sana na kutambulika kwa kuchelewa, na hatari yote ya Lawrence imo humo.

Uzuri huo ndio unaomlevya mtazamaji asiulize swali zito zaidi: filamu ilipobadilisha historia, ilimnufaisha nani? Chukua kutekwa kwa Aqaba, mji wa bandari uliokuwa mikononi mwa Waturuki. Pigano lililoamua mambo lilikuwa Aba el Lissan, siku chache kabla, na mji wenyewe ukasalimu amri Julai 6, 1917 karibu bila vita. Lean anatupa shambulio la farasi na ngamia, kamera ikiwafuata kutoka juu mpaka inaishia kwenye mzinga mkubwa ulioelekezwa baharini, usio na la kufanya. Mambo hayakutokea hivyo, lakini picha hiyo moja inaeleza jambo la kweli: Waarabu walitokea bara, upande ambao hawakutazamiwa. Mabadiliko hayo nayakubali bila kusita. Damascus ni habari nyingine. Katika filamu, baraza la Waarabu linazozana, umeme unazimika, majeruhi wanatelekezwa hospitalini, kisha makabila yanaondoka na kuwaachia Waingereza mji. Vurugu zilikuwapo kweli Oktoba 1918. Lakini utawala wa Faisal, kiongozi wa Waarabu hao, haukusambaratika. Uliendelea karibu miaka 2, hadi majeshi ya Ufaransa yalipouangusha Julai 1920. Ya Aqaba yalifupishwa, ya Damascus yakapinduliwa, na mapinduzi hayo yanamwondolea mkoloni lawama.

Atatokea wa kusema kwamba filamu si kitabu cha shule. Ni kweli, na ndiyo maana Aqaba haina kesi. Mwingine atasema tusiihukumu kwa macho ya leo: zama zile ndivyo zilivyokuwa, Mwingereza Alec Guinness akipakwa rangi awe Faisal, Anthony Quinn akibandikwa pua awe Auda, mkuu wa kabila, na katika zaidi ya saa 3 na nusu hakuna mwanamke aliyepewa neno la kusema. Hoja hiyo inavunjwa na filamu yenyewe. Omar Sharif, Mmisri, yumo humo, na kila anapoingia kama Sharif Ali, yule mpanda ngamia wa kisimani, macho yote humgeukia yeye. Njia nyingine ilijulikana. Kisha lipo tukio la mwisho la Faisal, walilolitunga Robert Bolt na Michael Wilson kwa umahiri mkubwa. Anaketi mbele ya Waingereza wawili, Jenerali Allenby na mwanasiasa Dryden, na katika chumba kile hakuna anayeijua siasa kumshinda. Huyo ndiye ambaye, kwa mujibu wa filamu hiyohiyo, watu wake walishindwa kuuendesha mji hata kwa siku chache.