Mshale Mmoja Hautoshi

Tunahakiki riwaya, filamu, hata michoro ya matatu. Lakini mchoro wa osmosisi, ambao karibu kila aliyesoma sekondari Kenya amewahi kuunakili kwenye daftari, hakuna anayeuhakiki. Tunauchora, tunapewa alama, tunaendelea na maisha.

Juzi niliamua kuujaribu. Kwa wauzaji wa vitabu kando ya Mtaa wa Tom Mboya nilinunua vitabu viwili vya baiolojia vya mtumba na chati moja ya ukutani, nikavuka Moi Avenue hadi Bustani ya Jeevanjee, nikavitandaza kwenye benchi.

Chati ndiyo inayokamata macho. Ina seli tatu nyekundu za damu, rangi ya nyanya mbivu. Ya kushoto imo ndani ya maji matupu: imevimba hadi kupasuka, na mishale minene inaelekea ndani. Ya kulia imo ndani ya maji yenye chumvi nyingi: imesinyaa na kuota miiba, mishale ikielekea nje. Ya katikati imo ndani ya maji yenye chumvi ya kiasi kinacholingana na damu. Haina mshale hata mmoja. Imekaa tu, kama mtu aliyeshiba Jumapili mchana.

Kama picha, chati inafanya kazi. Ukiiona mara moja huisahau. Maumbo pia ni sahihi, kwa sababu seli ya damu haina ukuta wa kuizuia isipasuke. Shida ni mishale. Molekuli za maji huingia na kutoka wakati wote, na tunachokiita osmosisi ni ile tofauti kati ya zinazoingia na zinazotoka. Kwa hivyo seli ya katikati ndiyo inayodanganya kuliko zote. Pale hapajatulia. Ni kama steji ya Kencom saa saba mchana: watu wanashuka, watu wanapanda, na umati unabaki ule ule.

Kitabu cha kwanza hakina rangi. Kinatii sheria zote za uchoraji tulizofundishwa: mistari safi, hakuna kivuli, mistari ya majina haikatani. Kimechora seli ya mmea ndani ya maji ya chumvi nyingi, ila ukuta na utando vimesinyaa pamoja. Hapo mchoraji ameharibu kabisa. Katika hali hiyo ukuta hubaki mahali pake. Utando ndio unaobanduka na kurudi ndani. Ukuta huohuo ndio unaofanya sukuma wiki iliyonyauka isimame tena ukiichovya kwenye maji, bila seli zake kupasuka. Usafi wa mistari haujaokoa kitu.

Kitabu cha pili kimechora utando kama chujio la chai: molekuli ndogo za maji zinapita, kubwa za sukari zinakwama. Hili nalisamehe nusu, maana chujio kila mtu analijua. Lakini chembe za chumvi ni ndogo sana, na bado utando unazizuia. Si suala la ukubwa wa tundu peke yake. Maji yana vijia vyake vya protini kwenye utando, na Peter Agre, aliyevigundua, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Utaniuliza: sasa hiyo inanisaidia nini? Fikiria mtoto anayeharisha nyumbani. Mchanganyiko unaojulikana ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa. Sukari husaidia chumvi kuingia kwenye seli za utumbo, na maji huifuata. Sasa mtu akijiambia kwamba chumvi huvuta maji, basi ikizidi ni bora zaidi, maji yatatoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na mtoto atazidi kukauka. Mshale umegeuka. Aliyekariri mshale mmoja hana namna ya kujua.

Kitabu hicho cha pili kina kitu ambacho mchapishaji hakukiweka. Mtu aliyekimiliki kabla yangu amechukua penseli na, kando ya mshale mkubwa wa maji, akaongeza mwingine mdogo unaorudi ulikotoka. Hakuandika neno. Kati ya yote niliyoyaona siku hiyo, huo ndio mchoro niliouamini.

Chati nimeibandika ukutani kwangu. Kwenye seli ya katikati nimeongeza mishale minne kwa penseli: miwili ya kuingia, miwili ya kutoka.