Maiki Ndogo, Wati Tano, na Sauti Inayofika Mombasa

Imefika! Na kabla sijaeleza jingine lolote niseme wazi: kama unamiliki Yaesu FT-817 au FT-818 na unapenda kupanda nayo milimani, itafute maiki hii. Ni ndogo, haina jina kubwa, bei yake haifiki shilingi elfu tatu za Kenya, na imeipa redio yangu kwenye bendi ya mita 40 sauti ambayo nilidhani haipatikani bila amplifaya.

Sisi watu wa redio za ridhaa tukianza kuzungumzia antena, usiku unaingia hatujamaliza. Betri nazo vivyo hivyo. Lakini maiki? Inabaki ileile iliyokuja kwenye boksi, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa FT-817, na mdogo wake FT-818 aliyetoka mwaka 2018, maiki hiyo ni MH-31. Siidharau. Ni ngumu, haiogopi mawe, juu ina vitufe vya kupandisha na kushusha masafa, na mgongoni ina swichi ndogo ya kuchagua toni. Ila kiini chake ni cha dainamiki, yaani utando uliofungwa koili inayochezacheza kwenye sumaku, na masikioni mwangu sauti yake imekuwa nzito siku zote, imejaa besi, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Hii mpya ni ya elektreti. Kapsuli yake haifiki hata sentimita moja kwa upana, inahitaji umeme kidogo ili ifanye kazi, na umeme huo redio yenyewe inautoa: kati ya pini nane za tundu la maiki, moja hubeba volti 5. Hakuna betri ya kubadilisha, hakuna kiboksi cha ziada, hakuna kuuza roho kwa fundi. Unachomoa ile, unachomeka hii, unabonyeza kitufe, unaongea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo utamu ulipo. FT-817 hutoa wati 5, FT-818 hutoa 6, na basi. Ukitaka sauti yako ipande pointi moja tu ya S kwenye mita ya anayekusikiliza, unahitaji nguvu mara nne: wati 5 ziwe 20. Wati 20 maana yake amplifaya, na amplifaya maana yake betri kubwa zaidi, mkoba mzito zaidi, mgongo unaolalamika kabla hujafika nusu ya mlima. Lakini hizo wati 5 ulizo nazo zinakwenda wapi? Kwenye SSB, namna tunayorushia sauti kwenye bendi hizi, redio haina nguvu ya kudumu inayotoka muda wote. Sauti yako ndiyo nguvu yenyewe. Ukitia besi, wati zinaliwa na besi, na besi haimsaidii mtu wa mbali aliyezungukwa na mikwaruzo ya radi. Kinachomfikishia maneno ni konsonanti, zile s, t, k na f, ambazo ncha zake ziko juu. SSB yenyewe hupitisha takriban hezi 300 hadi 2,700 tu, kwa hiyo eneo la kuchezea ni dogo. Maiki inayoegemea upande wa juu inazihamisha wati zilezile kutoka mahali zinapopotea na kuzipeleka mahali zinapofanya kazi. Halafu kumbuka kwamba redio hizi mbili hazikuundiwa kompresa ya sauti ndani. Kila unachokifanya kwenye maiki kinakwenda hewani kilivyo!

Nimeipeleka Ngong. Waya wa mita 20 hivi, ambao ni nusu ya urefu wa wimbi kwenye mita 40, nimeuinua kwa ufito wa kuvulia samaki, redio mapajani, mchana kweupe. Saa hizo bendi hiyo hutufaa sana kanda hii, maana mawimbi hupanda karibu wima, yakarudi chini na kuimwagilia Kenya na majirani zake. Kwanza nikashusha kiwango cha maiki, kwa sababu elektreti inatoa mawimbi yenye nguvu kuliko dainamiki. Menyu nambari 46, kutoka 50 ya kiwandani hadi thelathini na kitu, huku nikiiangalia mita ya ALC, inayoonyesha sauti ikizidi, isirukeruke. Dakika moja, kazi imekwisha.

Nikamwita mzee wangu mmoja wa Mombasa, zaidi ya kilomita 400 kutoka pale, mtu aliyekuwa hewani kabla sijazaliwa. Nikaongea kwa MH-31, nikabadilisha, nikaongea tena maneno yaleyale bila kumwambia nimefanya nini.

"Hiyo ya pili ni redio gani, mwanangu?"

"Ni hii hii, mzee. Nimebadilisha maiki tu."

"Basi ile ya kwanza usiirudishe."

Nilipiga kelele peke yangu mlimani! Kisha nikampa mtihani ambao kila mtu aliyewahi kutaja namba ya simu kwenye laini mbovu anaujua: sita na tisa. Irabu ni zilezile, konsonanti ni zilezile zilizobadilishana nafasi, na s ikimezwa na kelele umekwisha. Nikazitaja ovyo ovyo, bila mpangilio. Kwa maiki ya zamani aliniomba nirudie mara kwa mara. Kwa hii mpya alizipokea moja baada ya nyingine na kunirudishia bila kusita. Kituo kimoja cha Kampala kikaingia, kikasema kinanisikia vizuri kuliko mita yake inavyoonyesha. Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta mimi: mita imelala, maneno yamesimama.

Ina kasoro? Ndiyo, na ni za kitu cha bei hii. Waya wake wa kujipindapinda ni mfupi, ukikaa kitako na redio iko chini unainama. Vitufe vina mlio wa plastiki. Upepo nao inauchukua kwa pupa, na Ngong upepo hauna likizo, si bure kampuni ya umeme ya KenGen imesimika mitambo yake ya umeme wa upepo huko. Kofia ya sponji inatatua hilo karibu lote, na ukiishika maiki pembeni ya mdomo badala ya mbele yake, pumzi hazigongi kapsuli. Kwenye bendi ya mita 20 nilisikia sauti yangu ikikunjwakunjwa kidogo kwa sababu mawimbi ya antena yalikuwa yanarudi kupitia waya wa maiki. Kipande cha feraiti kikabanwa kwenye waya, karibu na plagi, na sauti ikatulia palepale. Nashauri kila mtu akiweke tangu siku ya kwanza.

Wenye FT-857, FT-897 na FT-891 furahini nasi, maana tundu la maiki ni la mpangilio uleule. Ila tafadhali, plagi hii inafanana kabisa na ile ya kebo ya mtandao wa kompyuta, na kuna redio za Icom, kama IC-706MKIIG, zenye tundu la umbo hilohilo lakini pini zake zimepangwa kivingine, na volti zake ni nyingine. Kuingia kwake kusikudanganye. Soma mchoro wa pini kwanza, ndipo uchomeke.

MH-31 sasa inakaa mezani nyumbani, kwenye redio ya pili, na huko inafaa. Hii ndogo nimeifunga kwenye mkoba wa safari pamoja na waya na ufito. Kinachonikosesha subira sasa ni mita 20 jioni, bendi inapofunguka kuelekea Ulaya na vituo vyenye antena kubwa vinapopigana vikumbo. Nitaita kwa wati zangu tano humohumo katikati yao. Ukisikia 5Z4 ndogo, kitambulisho chetu cha Kenya, ikijitaja kwa konsonanti zilizonyooka, nijibu!