Matundu Tisa

Redio ilifika kwa Mjomba imefungwa ndani ya shuka, mgongoni mwa mwenyewe. Kasha lake la mbao lilikuwa zima, vanishi imegeuka rangi ya chai ya rangi. Tulipofungua ubao wa nyuma tukakuta nusu ya vitu havimo. Lampu mbili zimekwenda. Transfo ya spika imekatwa kwa koleo. Ile karatasi ya kiwandani ya kuonyesha lampu gani inakaa wapi imeacha alama za gundi tu. Mwenyewe alisimama mlangoni. Hakuuliza bei, aliuliza kama itasema.

Katika Masisi, mashariki mwa Kongo, watu wamekimbia vita kiasi cha kujua uzito wa kila kitu kilichomo nyumbani. Anayejua hivyo, na bado akabeba redio nzito iliyonyamaza, hahitaji kukueleza inamaanisha nini kwake. Mjomba alivuta kigoda, akaipindua miguu juu, akaanza kuisoma.

Nasema kuisoma kwa sababu sijaona neno jingine linalofaa. Pale ilipokuwa lampu moja palibaki kitako chenye matundu tisa. Alinipa kijiti cha mwanzi nifuate waya mmoja mmoja, naye akawa anachora kwenye daftari la shule. La nne na la tano yanapokea nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kutoka transfo kubwa: huo ndio moto wa lampu, volti 6.3. La tatu linashuka kwenye chasisi kupitia rezista iliyobabuka. La pili linapokea sauti, bado changa, kutoka lampu iliyotangulia. La saba linakwenda kwenye ile transfo isiyokuwepo.

“Mjomba,” akaniita, maana tunaitana hivyo sote wawili, “hapa alikaa EL84.”

Alisema alikaa, kama mtu anayemtaja mpangaji aliyehama. Akanifundisha kulisoma jina lenyewe: E ni moto wa volti 6.3, L ni lampu ya nguvu, ile inayosukuma spika, na 8 ni kitako cha miguu tisa. Wamarekani wanaiita 6BQ5 na Warusi 6P14P, kama mtoto wa kwetu mwenye jina la nyumbani, la ubatizo na la shuleni. Ile ya Kirusi ndiyo tuliyoipata Goma baada ya majuma mengi, katika kopo la maziwa la fundi mwingine, imeviringwa kitambaa.

Lampu za ukoo huo ni za miaka ya 1950 na 1960. Huenda redio hii ilikuwa mezani kwa mtu BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Huenda ilisikia uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960. Nilipoyawaza hayo kijiti kilinitetemeka mkononi, nikarudia tundu la saba upya.

Lampu ya pili, EZ80, kazi yake ni kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa njia moja. Haikupatikana. Mjomba aliweka diodi mbili za 1N4007, ambazo hazizidi sana punje ya mpunga. Hapo ndipo fundi wa haraka huiua redio. EZ80 hupata moto polepole na kuzipa lampu nyingine muda wa kuamka, lakini diodi hutoa umeme wote papo hapo, tena mkali kuliko uliozoeleka. Alitanguliza rezista nene mbele yake. “Mgeni akikalia kiti cha marehemu,” alisema, “na afuate desturi za nyumba.”

Kondensa ndizo zilizotuchukua muda mrefu. Zile za karatasi, zilizozibwa kwa lami, zilikuwa zimepasuka na kunywa unyevu wa milima hii. Moja ikivuja mbele ya EL84, lampu mpya inakuwa nyekundu na kuteketea. Nikauliza swali ambalo kila mtoto wa Rubaya, mji wetu wa machimbo, angeuliza. Vilima vyetu vinakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima, na tantali hutengeneza kondensa. Je, hatuna za kwetu? Mjomba akafungua simu mbovu, akanionyesha kwa ncha ya kibanio kijitofali cha manjano, kidogo kuliko njegere, chenye mstari upande wa chanya. “Huyu huenda ametoka hapa,” akasema. Nyingi za namna hiyo hazivuki volti 50, na sisi tulihitaji ya kustahimili 400. Alikirudisha ndani ya simu taratibu, akafunga kifuniko. Nimewaona watu wakitoka machimboni na magunia ya koltani, mawe yenye tantali hiyo, mabegani, na sijawahi kuona punje moja ikishikwa kwa heshima kama ile.

Sisifu uhaba. Mjomba angekuwa na duka la spea jirani angeingia humo asubuhi na mapema. Hata Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono N°1 kule Kinshasa, aliyezipa likembe, ala za kuchezwa kwa vidole gumba, sauti ya umeme kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu, nadhani alitaka tu muziki wake usikike barabarani. Ninachosifu ni ule uangalifu.

Transfo ya spika ilipatikana kwa hesabu. EL84 hutaka kuona mzigo wa omu 5,200 hivi, na spika yetu ilikuwa ya omu 4. Mjomba alichukua transfo ndogo ya kushusha volti 220 hadi 6, akagawanya, akazidisha jibu kwa lenyewe, akazidisha kwa nne: 5,378. Alijua besi itapungua, kwa sababu chuma cha transfo hiyo hakikuandaliwa kubeba umeme wa njia moja. Akamwambia mwenyewe kabla hajawasha: muziki utakuwa mwembamba, maneno yatasikika.

Jioni jirani aliwasha jenereta. Mjomba aliunganisha redio kupitia balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi unaowaka. Ikibaki inang’aa, kuna waya umegusana ndani. Iliwaka kwa nguvu, tukashika pumzi, kisha ikafifia taratibu hadi wekundu wa kaa la jikoni. Ndani ya kasha lampu zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Ukaja mvumo, ukaja mkwaruzo wa mawimbi mafupi, halafu mtu wa mbali akawa anasoma habari.

Mwenyewe hakusogelea spika. Aliweka kiganja juu ya kasha, pale mbao inapopata joto, akakiacha hapo mpaka habari zikaisha.