Sabuni ya Kikombe Kimoja

Mizani ninayopimia sabuni si ya jikoni. Ni ndogo kama simu, ya aina wanayotumia masonara, na husoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Wageni wakiiona mezani hudhani nimeingia biashara ya dhahabu. Napima potashi tu, gramu 11 na ushee, ya sabuni ya kunyolea ndevu isiyojaza hata kikombe cha chai.

Wengi huona kupika kidogo ni kazi ya mwanafunzi, fundi ni yule wa pipa. Mimi sikubali. Kwenye kilo 10 za mafuta, gramu moja ya potashi ikizidi hakuna ajuaye. Kwenye gramu 50, gramu hiyohiyo ni karibu sehemu ya kumi ya potashi yote; sabuni inatoka kali na shavu linawaka. Na potashi hunywa unyevu wa hewani. Siku za masika, ukiacha kopo wazi ukaenda kuitikia hodi, ukirudi unakuta vipande vinatoka jasho, na unachopima sasa ni potashi pamoja na maji.

Ninachotia ni kidogo: gramu 30 za asidi ya steariki, ile nyeupe ngumu wanayotia kwenye mishumaa, na gramu 20 za mafuta ya nazi. Nazi huleta povu la haraka, jepesi, lisilokawia kuondoka. Steariki huleta povu zito linalokaa na kubeba wembe. Kostiki soda ingenipa mche mgumu wa kufulia. Potashi hutoa sabuni laini inayolowa upesi, ndiyo maana brashi huipenda.

Sufuria ya aluminiamu haifai, potashi huila. Natumia kikombe cha chuma cha pua, nimekikalisha ndani ya maji ya moto, maana steariki huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi. Maji ya potashi yakigusa mafuta hayo, hakuna kusubiri: yanashikana papo hapo, mabonge meupe kama ugali ulioharibika. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikamwaga vyote. Kumbe mafuta ya nazi ndiyo yanayokwenda polepole. Steariki huungana na potashi pale pale. Mpishi asichoke kusonga tu, kwa kijiko, mpaka mabonge yalegee na kuanza kung'aa kama nta iliyopata joto. Hapo nachovya kipande kidogo majini, nakigusisha ncha ya ulimi. Kikiuma, bado.

Nina daftari, na sheria yangu moja ni kubadilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Niliivunja mara moja tu, kwenye jaribio la saba, nilipopunguza nazi na papo hapo kutia matone 20 ya mafuta ya karafuu. Nani Unguja asiyetaka kunukia karafuu? Nilinyoa asubuhi, nikakaa mbele ya feni hadi adhuhuri. Uso ulikuwa mwekundu, na sikuweza kujua hata povu lilikuwa zuri au baya, kwa kuwa sikuwa na hamu ya kulitazama. Hasara yake ilikuwa gramu 50 za mafuta. Ningepika kilo 10, ningekuwa hadi leo nagawa sabuni ya kuosha vyombo.

Hakimu wangu ni kinyozi wa mtaani, mzee asiyejua kusifu. Jaribio la nne alilikoroga kwa brashi, akalipaka mkononi, akatazama saa ya ukutani. "Mwanangu, povu hili linakimbia," akasema, akaendelea na mteja wake. La tisa alisema limekaa, ila linateleza kidogo mno. Nikaongeza gliserini, kijiko kidogo kimoja, basi.

La kumi na mbili nilimpelekea Alhamisi jioni. Jumamosi nilikikuta kikombe kizingitini kwangu, kitupu, kimeoshwa.