Nyumba na Safari: Mvutano wa Uamuzi katika Bao la Kiswahili

Uhakiki wa fasihi yetu umezoea kuutaja mchezo wa bao kama pambo la mandhari: wazee barazani, kete mkononi, soga zikiendelea. Mtazamo huu unalipunja bao. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alilitungia shairi bao lenyewe. Kwake mchezo ulikuwa maudhui. Basi yafaa kuuliza kama inavyoulizwa juu ya tamthilia: ni nini kinachoufanya mchezo wa mkakati ufaulu au uvunje moyo?

Wako wanaodai kuwa ni wingi wa kanuni. Dai hilo halitoshi. Bao la kujifunza na bao la Kiswahili, yote mawili, yana mashimo 32 na kete 64. Katika la kwanza kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo. Katika la pili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Hizi huingizwa mojamoja katika hatua ya namu, kabla ya kufikia mtaji. Tofauti ya msingi basi ni mvutano: mali iliyoko ubaoni yaweza kuliwa, na iliyoko mkononi inapungua.

Kiini cha mvutano huo ni nyumba. Kete ya mwisho ikiangukia humo, mwenyewe huchagua: ama alale, ama aende safari, yaani azimwage kete zote alizozihifadhi. Kwa mkaazi wa Lamu, mji wa nyumba za mawe na majahazi, istilahi hizi si za bahati nasibu. Kukaa ni usalama unaomwita adui; kusafiri ni faida inayoiacha nyumba tupu. Aidha, bao halina dadu. Anayeshindwa hana wa kumlaumu. Tena kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Huhamia upande wa mlaji, nayo yaweza kurudi. Kwa hiyo tumaini hudumu mpaka safu ya mbele ya mmoja inapokuwa tupu.

Kwa kulinganisha, Civilization VI, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2016, una kanuni nyingi mno. Hata hivyo, mchezaji aliyetangulia mapema aghalabu hujua kuwa ameshinda muda mrefu kabla ya mwisho. Kilichobaki ni kazi ya karani. Zanzibar imo humo kama dola-mji: huletewa wajumbe, nayo humpa mfadhili wake mdalasini na karafuu. Haichezi, huchezewa. Upungufu huu wa kihistoria na ule wa kimuundo vina asili moja, yaani kumnyima mhusika uamuzi.

Hapa ndipo penye hatari kwa Lamu yenyewe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mashindano ya bao yamekuwa sehemu ya tamasha lake la utamaduni. Heshima hiyo ni njema. Lakini kijana akifundishwa bao la kujifunza peke yake, kisha akaonyeshwa ubao kama kumbukumbu ya mababu, atarithi mbao na komwe bila kurithi fikra. Bao halihifadhiwi kwa kutazamwa. Huhifadhiwa pale mchezaji anaposhika pumzi juu ya nyumba yake, akiamua kulala au kusafiri.