Mshenzi, Mwasi na Chifu: Istilahi za Kufasiri La Araucana

La Araucana ni utenzi mrefu wa Kihispania uliotungwa na Alonso de Ercilla, askari aliyefika Chile mwaka 1557. Ulichapwa kwa sehemu tatu, mwaka 1569, 1578 na 1589, nao wasimulia vita baina ya Wahispania na wenyeji ambao mshairi anawaita Waaraukano. Mfasiri wa Kiswahili atasumbuliwa na vina. Lakini mtihani wake mkubwa ni namna ya kuwataja wenyeji hao.

Kwanza, Ercilla huwaita mara kwa mara bárbaros. Hata hivyo, yeye huyohuyo anausifu ushujaa wa Lautaro na Caupolicán, anaukemea uroho wa wenzake, na kusikitikia kuuawa kwa Caupolicán. Wako watakaoona ni adabu kuandika “wenyeji”. Rai yetu ni kwamba kufanya hivyo ni kumtakasa mshairi. Tunalo neno “washenzi”, ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara. Lina dharau ileile. Utenzi huu una uzito kwa sababu sifa na dharau zatoka kinywa kimoja. Tukiificha dharau, msomaji hataielewa thamani ya sifa.

Pili, kwa Ercilla anayempinga mfalme wa Hispania ni mwasi. Hoja hii si ngeni kwetu: Wajerumani waliyaita mapambano ya 1905 hadi 1907 uasi, na sisi twasema Vita vya Maji Maji.

Tatu ni cheo cha cacique. Asili yake si Chile. Wahispania walilitwaa neno hilo kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, wakawabandika viongozi wa kila mahali, kama Wajerumani walivyopeleka cheo cha akida kutoka pwani hadi bara. Kuandika “mtemi” ni kuleta Unyamwezi pasipo sababu. “Chifu” latosha, maana nalo ni neno la mtawala mgeni.

Mwisho, wenyewe hujiita Mapuche, yaani watu wa ardhi, nao wangali wanaishi Chile na Argentina.

Basi twapendekeza kanuni moja. Ndani ya beti, mfasiri ayahifadhi maneno ya mshairi: Waaraukano, washenzi, waasi. Katika utangulizi na maelezo, ambamo anasema kwa kinywa chake mwenyewe, aandike Wamapuche, na vita vyao aviite vita vya kutetea nchi.