Jino Moja la Sproketi: Namna Pikipiki Ndogo Inavyopanda Vilima vya Mwanza

Pikipiki ya bodaboda inayopanda Mabatini, Igogo au Isamilo ikiwa na dereva na abiria wawili, kwa mtindo ule uitwao mishikaki ambao sheria inaukataza na vilima havijaweza kuukomesha, inavuta uzito unaokaribia kilo 300 kwa injini ambayo ujazo wake kwa kawaida hauzidi sentimita za ujazo 150. Wengi husifu injini, na baadhi husifu nembo iliyobandikwa kwenye tangi, lakini hesabu ya mwendo inaonyesha kwamba sifa kubwa inastahili kupewa meno ya vyuma viwili vinavyozungusha cheni, ambavyo fundi wa kando ya barabara huvibadilisha kwa spana chache.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye mwinuko wa asilimia 25, yaani ule unaopanda mita moja kwa kila mita nne za kwenda mbele, kilo 300 huvutwa kurudi chini kwa nguvu ya takribani nyutoni 710, na ukiongeza ukinzani wa matairi juu ya changarawe na mawe, pikipiki inayopanda kwa kilomita 15 kwa saa huhitaji kilowati tatu na kidogo. Injini za bodaboda za ujazo wa 125 hadi 150 hutangazwa kuwa na kilowati saba hadi tisa, kwa hiyo mtu angetarajia zipande huku zikiwa na akiba. Tatizo ni kwamba kilowati hizo hupatikana injini inapozunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, mzunguko ambao hata katika gia ya kwanza humaanisha mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, na hakuna dereva mwenye akili timamu atakayepita kwa kasi hiyo katikati ya majabali. Akipunguza mwendo, mzunguko hushuka na nguvu hushuka pamoja nao, naye hulazimika kuishikilia klachi nusu ili injini isizime. Kinachokosekana hapo ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayofika kwenye tairi la nyuma wakati pikipiki inakwenda polepole.

Ndipo sproketi, yaani vile vyuma viwili vyenye meno, zinapoingia. Ichukuliwe pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 15 na ya nyuma ya meno 42: uwiano wake ni 2.8, maana yake ni kwamba ile ya mbele huzunguka mara 2.8 ili tairi lizunguke mara moja. Fundi akiweka ya mbele yenye meno 14, uwiano huwa 3.0, na torki inayofika kwenye tairi huongezeka kwa asilimia 7 bila injini kuguswa. Ili kupata matokeo yaleyale kwa kubadilisha ya nyuma, ingebidi iwekwe yenye meno 45, kwa hiyo jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, na hii ndiyo sababu fundi anayejua kazi huanzia mbele, ambako chuma ni kidogo na bei yake ni ndogo.

Gharama ya mabadiliko hayo hubebwa na cheni. Sproketi iliyopunguzwa jino hukunja viungo vya cheni kwa pembe kali zaidi na huivuta kwa nguvu kubwa zaidi kwa torki ileile ya injini, na Mwanza ya kiangazi, yenye vumbi kuanzia Juni, haina huruma kwa cheni iliyopakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa kuwa vumbi likichanganyika na oili hiyo hugeuka kuwa kama msasa. Kipimo cha haraka ni kushika cheni mahali inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta: ikiinuka hadi nusu ya jino kuonekana, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika mapema.

Jambo la pili, ambalo mafundi wengi hawalitendei haki, ni hewa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Kabureta haipimi uzito wa hewa; huvuta petroli kwa mfyonzo wa hewa inayopita, na kwa kanuni ya mfyonzo huo hewa ikipungua kwa asilimia 10 petroli hupungua kwa asilimia 5 tu, hivyo mchanganyiko huwa na petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Dalili yake ni plagi yenye masizi meusi makavu. Hapo fundi hushika bisibisi na kugeuza skrubu ndogo ya nje, ambayo kwa hakika hutawala injini inapounguruma pikipiki ikiwa imesimama, wala haina kazi kubwa wakati wa kupanda kilima, ambapo petroli hupita kwenye sindano na kwenye jeti, yaani kitundu kilichopimwa chini ya kabureta. Kwenye kabureta ambazo sindano yake ina mikato, kibanio kikihamishwa mkato mmoja juu, sindano hushuka na petroli hupungua. Mkato mmoja unatosha, kwani mchanganyiko wenye petroli kidogo mno huongeza joto, na injini inayopozwa kwa upepo tayari inakosa upepo inapopanda polepole.

Kuhusu oili, pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Tanzania zina injini iliyorithiwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo wabunifu wake waliondoa cheni ya kuendesha valvu na kuweka fito za kusukuma, kwa kutambua kwamba katika nchi nyingi waendeshaji huchelewa kubadilisha oili. Ubunifu huo umevumilia mengi, ila haukuokoa klachi, ambayo huogelea katika oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze, na kwa dereva anayeshikilia klachi nusu kutwa nzima, kopo lenye alama ya JASO MA, yaani oili inayofaa klachi ya namna hiyo, si anasa.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Kilo 300 zikishuka kimo cha mita 60 huachia nishati ya kutosha kuchemsha nusu lita ya maji, na dereva anayezima injini ili kuokoa petroli huitupa yote kwenye breki za ngoma, ambazo shuu zake zikipata moto hupoteza mshiko. Kushuka katika gia ya pili, injini ikiwa inazuia, hugharimu petroli kidogo sana, na ile sproketi ya meno 14 iliyosaidia kupanda husaidia pia kuzuia.

Kwa anayenunua pikipiki iliyotumika Mwanza, meno yahesabiwe kabla ya kusoma spidomita. Katika pikipiki nyingi za aina hii spidomita huendeshwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo haijui lolote kuhusu sproketi: inapoonyesha kilomita 20,000, injini iliyofungiwa meno 14 badala ya 15 imezunguka sawa na iliyokwenda kilomita 21,400.